Choreni Ua

Tangazo la makumbusho lilikuwa fupi kama kanzu ya kuazima: "Familia zote karibuni. Choreni ua. Kazi zitatundikwa kwenye maonyesho ya mji wetu." Mama Cherehani alilisoma mlangoni pa makumbusho, akaenda moja kwa moja kumng'oa wifi yake kitandani.

"Amka, mvivu wee. Wanautaka ua wetu!"

Ua wenyewe haukuwepo tena. Ulikuwa nyuma ya nyumba ya kupanga walimozeekea wote wawili, mpaka greda likapita, na sasa panalala magari ya watu. Makumbusho yale yalikuwa na viti vya mameya na hata kofia zao, lakini kwa wafua nguo wa uani kama wao hata kibanio hakikuwekwa. Mama Cherehani akaapa: leo ua ule utapanda ukutani, apende asipende mtu.

Ukumbini palikuwa na meza ndefu, rangi kwenye vikopo, na watoto waliojipaka mpaka masikioni. Mwalimu wa sanaa, kijana wa ndevu za kuhesabika, akawapokea.

"Shikamooni, mama zangu. Mtoto wenu yuko wapi?"

"Marahaba. Si huyu hapa," Mama Cherehani akamnyooshea kidole wifi yake. "Hujaona hana meno?"

Wakaanza. Mama Cherehani alipiga mistari kwa chaki yake ya kukatia nguo: ukuta, jiko, kamba ya kuanikia, gauni la wifi likining'inia.

"Bomba lilikuwa kulia," wifi akasema.

"Kushoto! Kulia ulikuwa umekaa wewe, unasengenya."

"Basi nichore nikisengenya."

"Karatasi haitatosha."

Mwalimu akapita, akasimama, akainamisha kichwa huku na huku. "Mama, hili ua gani lisilo na shina?"

Ndipo Mama Cherehani alipoinua macho. Meza ya kwanza waridi, ya pili alizeti, ya tatu kitu chekundu ambacho baba mtu aliapa ni ua. Wifi alicheka mpaka kilemba kikamtoka.

"Maua, wifi yangu! Walitaka maua, wewe umewaletea jiko!"

"Maonyesho ni ya maua, mama," mwalimu akasema kwa upole. "Geuzeni karatasi, muda upo. Hii sitaweza kuitundika."

Mama Cherehani akashika ncha ya karatasi aigeuze. Lakini fundi hafumui nguo iliyomkaa mtu. Akachovya brashi kwenye rangi nyekundu, akachora ua moja, kubwa kama sinia, kwenye gauni lile pale kambani.

"Makalioni kwangu?" wifi akamaka.

"Ndipo penye nafasi." Akamgeukia mwalimu. "Ua hilo, baba. Tundika."

Mwalimu alijikaza asicheke, akashindwa. "Mama, nafasi iliyobaki ni kando ya mlango wa choo."

"Hapo hapo! Kuna asiyekwenda choo? Meya mwenyewe atapita, tena akirudi atatazama kwa utulivu."

"Basi nitaitundika kesho."

"Kesho ni ya nani? Lete nyundo."

Nyundo ikaletwa. Mama Cherehani akaishika ngazi mwenyewe, mwalimu akapanda na msumari mdomoni.

"Kulia kidogo. Bado. Ua umepinda, mwanangu, humo wamekaa watu. Haya, gonga."