Mifuko Miwili ya Mama Mapasa

Mwaka ule serikali ya Zaire ilivumbua mgodi mpya, na mgodi wenyewe ulikuwa ndani ya mikono ya watu. Citoyen Directeur alishuka Kalemie kwa ndege, amevaa suti ya abacost nyeupe iliyobana tumboni mpaka vifungo vinaomba msamaha. Akafungua biro, yaani ofisi, ya Utafiti wa Urithi wa Damu karibu na gare ya treni, akaweka frigo kubwa ya kutunzia damu na mashine yake ya umeme ya mazutu iliyonguruma mchana kutwa.

"Citoyens na citoyennes, wananchi wote!" akatangaza sokoni. "Baba anakurithisha pua, mama anakurithisha ugonjwa. Yote iko ndani ya damu. Tukijua kuisoma, tutatengeneza dawa, tutauzia dunia. Shaba itaisha, damu haiishi!"

Watu wakapiga makofi, maana kila aliyetoa mkono achotwe damu alipewa kopo la sardini na kipande cha sabuni.

Mama Henriette naye alienda. Henriette lilikuwa jina la kanisani, siku hizo likisemwa kwa sauti ya chini kwa kuwa serikali haikuyataka majina ya ubatizo. Mtaani walimwita Mama Mapasa, kwa sababu alizaa mapacha, Kyungu na Kabange. Baba yake alichimba bati Manono, kwa hiyo akisikia neno mgodi alikumbuka mashimo yaliyojaa maji na vyura, basi. Lakini alienda, kwa ajili ya Kabange. Kyungu alikula na kukimbia. Kabange, wa tumbo lile lile, alikuwa na ule ugonjwa wa damu unaochoma mifupa na kugeuza macho manjano.

Directeur alipowaona wale wasichana, nusura awabusu. "Mama moja, sufuria moja, huyu muzima, huyu mugonjwa! Hawa njo dhahabu yangu." Akawapiga picha, akachapisha bango la kuvutia wanunuzi wa ng'ambo: mapacha wanacheka, na chini yao maneno UTAJIRI WA TAIFA. Dawa ikipatikana, akaapa, Kabange atakuwa wa kwanza.

Dawa haikuonekana. Kilichokuja ni ugeni: mzungu mmoja, Monsieur Gaspard, wa kampuni ya dawa, anakuja kuona kama damu ya Zaire inafaa kununuliwa. Na siku moja kabla ya ugeni, Kabange alizidiwa.

"Mutoto anaomba damu, Mama," muganga wa hospitali akamwambia. "Ndugu yako Omer yuko tayari, na damu yake inakubaliana na ya mutoto. Ila mufuko wa kutilia hatuna. Mifuko yote iko kwa Directeur."

Mama Henriette alikwenda biro kandambili mkononi, maana moja ilikatika njiani. Kupitia mlango wazi aliiona mifuko, imepangwa rafuni kama vitenge vya dukani.

"Mama, ile mifuko ni ya taifa," Directeur akasema.

"Na mutoto ni wa nani?"

"Mutoto pia ni wa taifa."

"Basi taifa impatie mutoto wake mufuko wake."

Directeur akacheka kwa pua. "Mugeni anataka kuona vyombo vimetimia. Rudi kisha ugeni kwisha. Na kesho usisahau kumuleta Kyungu."

Mama Henriette alirudi nyumbani akautoa ungo wa mapacha, ule ambao mtu akija kuwaona watoto hutilia chochote. Mtu wa Manono hana haja ya kuelezwa: mama wa mapacha akibeba ungo wake, ana ruhusa ya kumwimbia matusi mtu yeyote, hata mfalme. Anayenuna analipa, na kinachotolewa kwa pacha mmoja, mwenzake naye apewe.

Kesho yake viti vilipangwa, ngoma zikapigwa, Citoyen Commissaire, mkubwa wa serikali pale mjini, akakaa na bia yake kando ya mzungu. Directeur akapaza sauti: "Sasa, utajiri wa taifa!" Akatokea Mama Henriette, ungo kichwani, Kyungu peke yake mkononi. Akaimba:

*Directeur ana mimba, mbona hazai?*
*Amemeza sardini zetu na sabuni yetu!*
*Suruali kubwa, kilicho ndani kidogo,*
*hata mashine yake ya kupima damu haikioni!*

Wanawake waliotoka Manono wakaitikia huku wakikata kiuno. Directeur akanuna kama aliyekanyaga kaa la moto. Commissaire, ambaye naye kitovu chake kilizikwa Manono, alicheka mpaka bia ikamtokea puani.

"Lipa, Citoyen!" akasema. "Kwetu hakuna anayenuna mbele ya Mama Mapasa."

Directeur akatupia noti za makuta kwenye ungo. Mama Henriette akaupindua, noti zikaanguka mavumbini. "Kabange iko anakufa hospitali. Mimi nataka mufuko."

"Anasema nini?" mzungu akauliza kwa Kifaransa. "Na yule mtoto mwingine wa kwenye bango yuko wapi?"

Commissaire akageuza shingo polepole kumtazama Directeur. Mara Directeur akapata mbio ambazo tumbo lake halikuwahi kuziona. Alirudi na mfuko, akamkabidhi huku akitabasamu kwa mpiga picha.

"Mapasa ni wawili," akasema Mama Henriette, ungo bado umenyooshwa.

Akaletewa wa pili.

Damu ya Omer iliingia kwa Kabange jioni ile ile. Mfuko wa Kyungu, ambaye hakuumwa hata kucha, walimpa mtoto wa kitanda cha jirani. Gazeti la Kinshasa likatoa picha: *Utafiti wa Taifa Waokoa Mapacha*. Picha hiyo ndiyo iliyomletea Directeur makuta mapya. Damu ya kwenye frigo haikumletea kitu. Mazutu yalikwisha, ikanuka mpaka gare.

Mama Henriette hakuwa na nafasi ya kusoma gazeti. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, anautazama mdomo mkavu wa Kabange ukifunguka.

"Mama, sardini yangu iko wapi?"

"Kyungu ameikula."

Kabange akamtukana pacha mwenzake tusi moja refu, la Manono kabisa, na mama yake akaanza kulia kwa furaha.