Fundi Aliyekataa Kusimama

Muuguzi huyu alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuna kituo cha afya kinachoutibu: kutaka kujua. Akiingia nyumba ya watu atauliza kwa nini kitanda kimehamishwa, kwa nini dirisha hili halifunguliwi, kwa nini mgonjwa kavaa soksi moja. Wagonjwa aliowatembelea majumbani wakambandika jina, Sista Kwa Nini, na yeye wala hakununa.

Kikundi chao kilikuwa na chumba kimoja nyuma ya kituo cha afya, na kila asubuhi walitawanyika kutoka humo, mtu na mkoba wake. Yeye alibeba dawa za vidonda na sindano. Mwalimu wa kumeza alikwenda kwa waliopata kiharusi, akawafundisha kunywa maji upya bila kupaliwa. Mama mmoja mwenye nyundo alizunguka akipigilia vishikio kwenye kuta za vyoo ili wazee wasianguke. Na alikuwepo mtaalamu wa viungo, jamaa mrefu aliyeitwa Bwana Nyoosha, kwa kuwa hajawahi kumaliza sentensi bila kumwambia mtu anyooshe kitu. Walikuwa na utaratibu waliojivunia sana: hawaingii wawili nyumba moja siku moja. Mgonjwa asichoshwe. Kila mmoja na siku yake, na mambo mengine watayazungumza kwenye kikao.

Basi kwenye kikao ndipo Bwana Nyoosha aliposema kuhusu fundi cherehani.

"Yule mzee nimenyoosha mikono. Hataki kusimama. Nambembeleza, namtania, nanuna, wapi. Na kuna watu wanasubiri nafasi yake. Kikao kijacho nafunga jalada."

Watu walitikisa vichwa. Sista Kwa Nini alijua maana ya jalada kufungwa, kwa sababu mke wa fundi alikuwa ameshamweleza. Mama yule alikuwa na kibanda cha sabuni sokoni na mgongo usioweza kuinua mtu mzima. Kama mumewe hasimami, mtoto wao mkubwa angekuja na gari Jumapili amchukue akakae kwake, mbali, mahali ambapo hakuna muuguzi wala mtu wa mazoezi anayebisha hodi. Cherehani ingeuzwa. Mnunuzi alikuwa ameshakuja kuiangalia, akaigongagonga huku mwenyewe amelala pale pale kitandani anamtazama.

Fundi hakuweza kubishana na mtu. Kiharusi kilimlegeza upande wa kulia na kuondoka na maneno yake yote isipokuwa moja: kesho. Mtaa mzima ulicheka mpaka ukaona aibu. Miaka yote alikuwa akiwaambia wateja kesho, nguo ya harusi kesho, sare za shule kesho, na sasa ukimwamkia anakujibu kesho, ukimuuliza kama kashiba, kesho. Mwalimu wa kumeza alisema maneno mengine yangerudi, yasiharakishwe tu.

Siku yake ilipofika, Sista alipiga hodi akaingia. Chumba kilikuwa kimoja kwa kulala na kushona. Cherehani ya kukanyaga kwa miguu ilisimama kando ya kitanda, imefunikwa shuka la maua, na kigoda chake kimesogezwa chini yake.

"Shikamoo, Fundi."

"Kesho," alijibu mzee kwa heshima zote.

Aliketi akafungua bendeji ya kisigino cha kulia. Hospitali walimrudisha fundi nyumbani na kidonda pale, cha kulala muda mrefu bila kugeuzwa, na Sista alikuwa amekihangaikia kama mtoto wake. Sasa ngozi mpya ilikuwa imefunga vizuri, laini. Bendeji aliyokuwa akifunga ilikuwa ya kuikinga ngozi ile tu isikwaruzwe na shuka. Yote hayo aliyajua. Kilichomshangaza ni doa jeusi upande wa vidoleni.

Alilinusa. Mafuta.

"Fundi, haya mafuta umeyatoa wapi?"

Mzee alitazama darini.

Sista alilipapasa shavu la mguu, ile nyama ya nyuma ya goti kushuka chini. Mguu wa mtu asiyeshuka kitandani huyeyuka, alishaona mingi. Huu ulikuwa umeanza kukaza. Si sana, lakini mkono wake haudanganyiki kwa miguu. Akamwita mke wa fundi, aliyekuwa uani akifunga sabuni zake.

"Mama, huyu anashuka kitandani?"

"Atashukaje, mwanangu? Jana nimemgombeza mpaka majirani wamesikia. Nimemwambia uvivu huu hukuwa nao ujanani, umeutoa wapi uzeeni? Kijana wa mazoezi anakuja, anaondoka, yeye kalala tu." Mama alijifuta uso kwa upande wa kanga. "Mimi nimechoka, Sista. Jumapili aende tu."

Fundi aligeukia ukuta. Sista alifunga bendeji mpya, akaaga, akaondoka na maswali yake. Njia nzima yalimla. Mzee anayetaka kupona huku hataki kusimama. Mguu unaofanya kazi ambayo hakuna aliyeiona. Mafuta. Alijaribu kujiambia kwamba hayamhusu, yeye ni mtu wa vidonda, na kidonda kimepona. Hakujisikiliza.

Kwa hiyo kesho yake alivunja utaratibu. Ilikuwa siku ya Bwana Nyoosha, na yeye akapinda kona kuelekea kwa fundi kabla mwenzake hajafika. Mke wa fundi alikuwa sokoni. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu, na kutoka ndani ilisikika sauti ambayo mtaa ule haukuwa umeisikia tangu mzee aanguke: cherehani inakwenda. Polepole, inakatika, inaanza tena.

Alisukuma mlango bila hodi, jambo ambalo lingemfanya mama yake amfinye sikio.

Fundi alikuwa ameteleza kutoka kitandani hadi kigodani kwa makalio, kidogo kidogo, shuka la maua liko sakafuni. Mkono wa kushoto umeshika ukingo wa meza. Cherehani haikuwa na uzi wala sindano, alikuwa anashona hewa. Miguu yote miwili ilikuwa kwenye kikanyagio, na ule wa kulia ulikuwa umewekwa kwa namna ya ajabu: vidole na kitako cha vidole tu ndivyo vilivyogusa chuma, kisigino kinaning'inia juu, hakigusi kitu. Jasho lilikuwa likimchuruzika kidevuni. Chini, bendeji ilikuwa inapakwa mafuta ya kikanyagio kila kilipopanda.

Alipomwona Sista alishtuka kama mtu aliyekamatwa akiiba kuku wa jirani. Haraka akaushika mguu wa kulia kwa mkono mzima, akauinua, akamwonyesha kisigino. Safi. Hakijaguswa.

"Kesho," alisema, na macho yake yalikuwa yanaomba radhi.

Sista hakuelewa. Alisimama pale na mkoba begani, anatazama kisigino kilichoinuliwa. Kwa nini anionyeshe kisigino? Kwa nini anione mimi ndiye wa kuogopwa?

Nyuma yake Bwana Nyoosha alikohoa. "Kulikoni leo? Si siku yako." Kisha akaona yaliyokuwa mbele yake. "Eh. Mzee. Kumbe unaweza kukaa peke yako bila kuegemea? Na mimi nahangaika na wewe hapa?" Hakuwa na hasira, alikuwa ameshikwa na butwaa. Akavuta fremu ya kutembelea kutoka pembeni, akaiweka mbele ya kigoda. "Haya basi, shika hapa. Nyoosha mgongo. Simama."

Fundi aliishika fremu. Mabega yakapanda, alikuwa anataka. Halafu akashusha macho kwenye mguu wake, akauinua tena, akatikisa kichwa.

"Unaona?" Bwana Nyoosha alimgeukia mwenzake. "Ndivyo anavyofanya kila siku. Ananionyesha mguu, anakataa."

Lakini fundi hakuwa anamtazama mtaalamu wa viungo. Alikuwa anamtazama muuguzi. Anamtazama kama mtu aliyefika dirishani kuomba kibali.

Hapo ndipo Sista alipokumbuka. Alijisikia mwenyewe, sauti yake, ndani ya chumba hiki hiki, siku ile kidonda kilipokuwa kibichi na kinanuka. Alikuwa mkali. Alimnyooshea mzee kidole. Mguu huu hukanyagi. Asije mtu akakwambia ukanyage, awe nani, ukatae. Mpaka niseme mimi.

Na hakusema. Alikwenda likizo, akaja muuguzi wa kumshikia nafasi. Yule alikuta kidonda kimefunga, akaona si adabu kutengua amri ya mwenye mgonjwa. Sista aliporudi akadhani mwenzake ameshaitengua. Bwana Nyoosha aliambiwa kwamba kidonda kimepona, akaanza kazi. Kila mmoja alikuja siku yake. Na mtu aliyekuwepo siku zote ndiye aliyekuwa na neno moja tu mdomoni.

Alitamani ardhi ipasuke. Kuna aina nyingi za aibu kwenye kazi ile, unaweza kumwaga dawa, kukosa mshipa, kuingia nyumba isiyo yako, na zote zinachekeka baadaye. Hii haikuchekeka.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyemkataza. Sikumruhusu. Anafuata nilivyomwambia mimi." Aligeuka, akapiga magoti sakafuni, akakishika kisigino cha mzee kwa mikono miwili. "Fundi, baba yangu. Nimekosa. Kidonda kilipona zamani. Nilipaswa kukwambia, sikukwambia. Kanyaga. Mguu wote, kanyaga."

 Mzee alimkagua usoni kama kitambaa cha mteja anayedai ni hariri. Halafu akakishusha kisigino sakafuni, taratibu, akakunja uso, akasikiliza kama kuna maumivu. Bwana Nyoosha alimshika mkanda wa suruali, akasahau kusema nyoosha. Fundi alisimama. Alisimama vibaya, amepinda kama msumari uliopigwa na mtoto, anatetemeka yeye na fremu yake, lakini alisimama, na alipokaa akaomba kwa mkono arudie.

Mke wake alimkuta hivyo, aliporudi kuchukua chenji aliyoisahau. Sista alimweleza kila kitu mlangoni, hakupunguza chochote. Mama alisikiliza bila kumkatiza. Hakumlaumu, na hilo liliuma zaidi. Aliingia ndani, akatoa simu kifuani, akampigia mwanawe.

"Usije Jumapili," alisema. "Hapana, hajapona. Mazoezi yanaendelea, kijana wao yuko hapa ananiahidi." Akamtazama mumewe. "Mwanangu, mimi baba yako nimemtukana. Kila siku namwita mvivu. Na mtu alikuwa anafanya alivyoambiwa."  Akaiacha simu inaongea peke yake kitandani, akaenda akakaa chini karibu na miguu ya mumewe, na yule mzee akamwekea kichwani mkono wake mmoja wenye nguvu.

Sista alitoka nje. Hapakuwa na kazi yake tena mle ndani. Kwenye kikao angesema mbele ya wote, hilo alishaliamua, na utaratibu ule wa kila mtu na siku yake ungepaswa kuangaliwa upya. Alitembea akifikiria namna atakavyoanza. Na kwa kuwa akili yake haijui kutulia, swali likamjia lenyewe: nimewaambia wangapi wengine?

Alisimama katikati ya njia.

Mtaa wa pili, nyumba yenye mlango wa bati, alikuwepo mama kijana aliyepasuliwa tumbo. Sista alikuwa amemwambia asimbebe mwanawe. Alimwambia kwa kidole vile vile, na kwa ukali ule ule. Mshono ulishapona, alimwona sokoni siku moja anatembea vizuri, wakasalimiana, wakapita. Alijaribu kukumbuka kama alisema neno. Hakukumbuka.

Alipofika kwenye mlango wa bati alikuwa anahema. Mama kijana alifungua. Mtoto alikuwa sakafuni, ameukumbatia mguu wa mamaye kwa mikono yote, analia kilio cha mtu aliyekwishazoea kutobebwa, na mama amefunga mikono yake nyuma ya mgongo.

"Sista, karibu. Leo si siku yako."

"Nionyeshe mshono."

Aliuonyesha. Sista aliutazama, akaugusa, akautazama tena.

"Mbebe," alisema.