Vitambaa vya Njano vya Jibondo

Hodi ilipigwa mara moja, na kabla Cresensia hajaitikia, mwanamume asiyemjua alikwishaingia sebuleni kwake Kilindoni, viatu miguuni, simu mkononi.

"Shikamoo, mwalimu," alisema, ingawa alimzidi umri kwa mbali.

"Mimi ndiye wa kukuamkia, kaka. Sijakufahamu."

"Hunifahamu? Mbona sisi marafiki? Ulinikubali mwenyewe mtandaoni. Hemedi." Akacheka peke yake, kisha akamsogezea simu. "Huyu mama nani?"

Ilikuwa picha aliyoipiga Cresensia kisiwani Jibondo alipokuwa bado mwanafunzi wa chuo, amekuja kufanya utafiti kwenye hifadhi ya bahari. Mwanamke ameinama katika shamba lake la mwani, mgongo umeelekea kamera. Chini yake aliandika: "Mama yangu shujaa. Bila yeye wavuvi wapiga baruti wasingekamatwa." Wakati ule aliona anazungumza na wanachuo wenzake tu. Picha ilizama chini ya nyingine nyingi, naye akaisahau. Lakini wiki hii mtandao ulikuwa umezipa kurasa za watu sura mpya: miaka imepangwa pembeni, ukigusa mmoja unakufungukia wote.

"Mdogo wangu alikuwa mmoja wa hao waliokamatwa," alisema Hemedi. "Amefia gerezani."

"Pole sana, kaka."

"Pole nimeshapewa za kutosha. Nataka jina."

"Sikumbuki. Ni zamani."

"Basi nirushie picha. Simu yangu imejaa, inagoma kuhifadhi."

"Hapana."

"Haya. Nitaifungua hukohuko Jibondo, wenyewe watanitajia. Naondoka nikishaswali adhuhuri. Na nikikuta imefutwa, mwalimu, nitajua unamjua. Nitarudi hapahapa."

Alipotoka, Cresensia alikaa chini. Siku zote alijisifu kwamba hakuionyesha sura ya yule mama. Lakini Jibondo nani anahitaji sura? Kila mwanamke hufunga vigingi vya shamba lake vitambaa vya gauni lake kuukuu, wasigombanie kamba za mwani maji yanapozihamisha. Pale pichani vilipepea vitambaa vya njano, na mtoto yeyote wa kule angevitazama akasema: kwa Bi Somoe.

Somoe ndiye aliyemnong'oneza jina la chombo cha wapiga baruti, naye akalifikisha kwa wakuu wa hifadhi. Siku hiyo Somoe alimshika mkono kwa vidole vilivyochubuliwa na chumvi. "Mwanangu, niahidi. Nisijulikane."

"Naahidi, mama." Aliitamka ahadi upesi, kama mtu anayeahidi kuleta sukari akirudi.

Cresensia akaifungua simu yake. Alipekua mipangilio mpaka akapata pa kufungia machapisho yote ya zamani kwa mkupuo: kutoka kuonekana na kila mtu hadi kuonekana na marafiki tu. Akabonyeza. Akashusha pumzi.

Mbona sisi marafiki?

Hemedi naye alikuwa miongoni mwao. Amwondoe Hemedi? Katika mamia ya watu aliowakubali bila kuuliza, wangapi walikuwa ndugu zake, wangapi wangemfungulia ukurasa akiwaomba? Hapakuwa na njia nyingine. Lazima picha yenyewe ifutike.

Akafikiria kwenda polisi kwanza. Akafikiria labda yule mtu anatisha tu. Akamfikiria Somoe, asiye na simu, akiwa ameinama majini wakati huu bila kujua nani anamjia kwa nyuma.

Msikitini wakaadhini adhuhuri.

Akagusa palipoandikwa Futa. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, mtandao wa Kilindoni ukisuasua kama kawaida yake. Mwishowe swali likatokea: una uhakika?

"Sina," alisema kwa sauti, machozi yakimtiririka, akabonyeza ndiyo.

Picha ikaondoka. Cresensia alijifuta uso kwa kiganja, akainuka, akaikokota meza ya kusahihishia madaftari hadi mlangoni, kisha akaketi juu yake.