Boriti za Mbalamwezi

Bi Kazija alikuwa amekaa kwenye kigoda ukumbini kwake Kikwajuni, mwanawe Mwatima kambana baina ya magoti, anamsuka nywele za kwendea skuli. Alipofika nyuma ya sikio chanuo likakwama. Akadhani ni fundo. Alipopekua akamtoa kaa, mdogo kama kifungo cha kanzu, mwenye gando moja jekundu. Akamweka dirishani, akaendelea kusuka.

"Wa skuli huyu?"

"Wa skuli, mama. Jana walianguka wengi, wakati wa hesabu."

Kaa hawakumshughulisha. Mtoto wa pwani kaa hawamdhuru. Lililomkaa kifuani lilikuwa jengine, akaliuliza polepole ili mtoto asitishike: dari imefika wapi? Mwatima akaweka kiganja juu ya utosi wake. Hapo. Akisimama, anaigusa.

Skuli yenyewe ilikuwa mpya, ya wasichana, ng'ambo ya Darajani. Wazee wa mitaa waliiomba mpaka wengine wakafa wanaiomba. Kuta zake zilikuwa nzuri, mawe na chokaa, hakuna wa kuzisema. Maneno yalikuwa kwenye boriti, ile miti ya mikoko inayolazwa juu ya kuta ikabeba dari.

Zamani Serikali ikitaka boriti, mbiu ilipigwa. Wakataji wote wakaja, wa Chwaka, wa Unguja Ukuu, kila mmoja na mti wake wa mfano, wakailaza miti uwanjani mbele ya afisi ya majengo, na kila mtu akataja bei yake mwenzake anasikia. Hata mpita njia akipenda aliipiga boriti kwa kisigino, asikie inavyojibu. Safari hii mbiu haikupigwa. Kazi ilitolewa barazani, baina ya tende na kahawa, akapewa Bwana Borafya, muuza miwani, aliyemuoa dada wa Bwana Abrahman, mkubwa wa afisi. Si kwamba Borafya alikuwa mtu mbaya. Miwani yake ilikuwa mizuri.

Sasa, hakuna mtu wa Unguja asiyejua kwamba mkoko hukatwa gizani, mwezi ukiwa umekufa. Mti uliokatwa mbalamwezi haujui kuwa umekatwa. Borafya alijua kama wanavyojua watu. Lakini anayengojea giza ni yule mwenye mshindani, anayeogopa mti wake kupigwa kisigino. Yeye alikuwa peke yake. Watu wake waliingia mikokoni mwezi mpevu, wakaona vizuri, wakamaliza upesi.

Boriti zikapandishwa, skuli ikafunguliwa kwa maulidi na halua. Ilipokwisha masika, boriti zikachipua. Kwanza majani, na mwalimu, Bi Duni, akashukuru kwa kile kibaridi. Kisha mizizi ikateremka kutafuta tope, watoto wakawa wanatundika mikoba. Maji ya bahari yakijaa Funguni, dari inatona maji ya chumvi, yakipwa, inakauka. Kaa wakahamia, kama ilivyo haki yao. Ila kila bamvua, yale maji makubwa ya mwezi, miti ilikunywa, ikanenepa, na dari ikashuka. Wasichana warefu wakaanza kuinama. Mwatima, aliyerefuka kwa upande wa baba, ndiye aliyetangulia kurudi nyumbani na kinundu.

Asubuhi ile ya kaa, Bi Kazija alijitupia buibui lake akaenda zake afisini. Bwana Abrahman akampokea kwa heshima, akamwekea kiti, akamuuliza hali ya mumewe. Kazija akamwambia kuwa dari inawashukia watoto.

"Twajua, Bi Kazija. Miti ya mbalamwezi hiyo. Babu yangu wa Makunduchi angekwambia hivyo hivyo."

"Na kabla ya Borafya, nani mwengine aliulizwa?"

Bwana Abrahman akasema hilo si swali la boriti.

"Ndo swali la boriti," Kazija akasema. "Hayo mengine majani tu."

Bwana Abrahman akamtuliza. Dawa imeshapatikana: zitatiwa nguzo za kuegemea dari, na kazi ya nguzo keshapewa mtu. Kazija hakuuliza nani. Bwana Abrahman alikuwa amevaa miwani mipya.

Nyumbani mumewe, Ame, mchukuzi wa bandarini, akaona njia ni moja. Mtoto asitoke nyumbani. Kichwa kikipondeka hakuna skuli itakayokishona. Akae na mama yake, ajifunze upishi na kushona kofia, Mungu ataleta mume.

Bi Kazija hakulala vyema. Alikuwa mama muoga, tangu zamani. Mtoto akikohoa yeye hupigisha bao. Kila akifumba macho aliiona ile dari. Lakini akifumbua alimwona Borafya, na hilo likamchoma zaidi.

"Nimtoe skuli kwa ajili ya muuza miwani?" akamwambia Ame alfajiri. "Simtoi. Nnakwenda naye."

Akaenda naye. Akavua viatu mlangoni, akaingia darasani, akasimama nyuma ya mwanawe, akanyanyua mikono, akaiwekea viganja boriti iliyo juu ya kichwa cha Mwatima. Boriti ikasita. Bi Duni akamkaribisha, akaendelea na somo la mito.

Kesho yake akaja Biasha, jirani, ambaye binti yake alikuwa mfupi kuliko wote.

"Wako dari haimfikii mpaka akue," Kazija akamtania.

"Nshaona. Na mie nnataka akue."

Biasha akashika boriti yake. Wakaja wengine, wenye watoto mgongoni, wenye sindano za kofia mdomoni. Mizizi ikawazunguka viwiko ikawaona wenyeji. Majumbani waume walipika, na mitaa yote ya ng'ambo ikanuka wali ulioungua.

Bamvua kubwa lilikuja wakati wa kusoma kwa sauti. Maji yalijaa Funguni, boriti zikanywa kwa pupa, dari ikaja chini kwa uzito wake wote. Wanawake wakaisukuma juu. Biasha alitaja jina la Borafya na la mama yake Borafya. Kazija jasho na maji ya chumvi yakamwingia machoni, na chini yake akaisikia sauti ya Mwatima ikipungua.

"Soma," akamwambia. "Hapa nipo mimi."

Mwatima akasoma. Maji yakapwa. Dari ilikuwa palepale, ila tangu hapo hakuna mwanamke aliyeweza kuondoka wakati wa masomo, maana ukiuvuta mkono, boriti inaufuata.

Ndipo Bwana Abrahman alipokuja kukagua na kupokea nguzo, na Borafya nyuma yake, mikono mitupu. Borafya hakuwa ameleta nguzo hata moja. Bwana Abrahman akapita mstari mpaka mstari, akamwangalia Kazija, akamwangalia Biasha, akavua miwani akaifuta, akavaa tena. Akasema nguzo zimetimia, na ni madhubuti. Borafya akainamisha kichwa kwa adabu. Papo hapo, wakiwa bado wamesimama, akapewa na kazi ya kuzipaka chokaa.

Wapakaji wakaja na ndoo zao. Wakapaka ukuta, wakapaka nguzo, wakianzia nyayoni. Hakuna mama aliyesogea, kwa kuwa mtoto alikuwa chini. Buibui la Kazija likawa jeupe, shingo ikawa nyeupe. Brashi ilipomfika kidevuni, akamwita mkubwa wa afisi aliyekuwa mlangoni.

"Bwana Abrahman. Nani mwengine aliulizwa?"

Mpakaji akaomba radhi, akampaka mdomo. Chokaa ikateleza. Akarudia, ikateleza tena. Mahali pengine pote ilishika; mdomoni haikushika, wala kwa Biasha, wala kwa yeyote kati yao. Bwana Abrahman akasema pabaki hivyo hivyo, kwa mbali hapaonekani.

Mwaka uliofuata Borafya akapewa kazi ya vitanda vya hospitali, barazani, kwa kahawa. Mbiu haikupigwa. Na skulini, kila asubuhi kabla ya somo la kwanza, nguzo huuliza nani mwengine aliulizwa, na wasichana, shingo zao zimenyooka, hulifuatisha swali lile kwa sauti moja kama wanavyofuatisha hesabu za kuzidisha.