Nimepima

Mume wangu ni fundi wa nguo, na zamani mtaa mzima ulimwita Tani. Hakuchukia. Alisema fundi mwembamba si wa kuaminiwa, kwa sababu hajui nguo inabana wapi. Lakini magoti yalipoanza kumgomea, na mkoromo wake ukawa unamfanya jirani agonge ukuta, akakubali kufanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo. Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, alimweleza kwa lugha ya dukani kwetu.

"Mzee, nitakupunguza tumbo kama wewe unavyopunguza suruali. Sehemu kubwa inaondoka, unabaki na kipande chembamba."

"Na mshono?" akauliza mume wangu. Kitambaa hakikumtisha. Alichoogopa ni mshono wa mtu mwingine.

Siku ya kuruhusiwa nilikuwepo, na maneno ya daktari niliyasikia kwa masikio yangu. Tumbo hili jipya, alisema, halitauachia mwili kila unachohitaji kama zamani. Kwa hiyo ale vidonge vya vitamini kila siku. "Na lazima uwe unapima. Mwaka wa kwanza mara kwa mara, baadaye kila mwaka, maisha yako yote. Hata ukijiona mzima."

"Daktari," mume wangu akajibu, akigusa shingo pale futi yake inapokaa siku zote, "mimi riziki yangu ni kupima. Ondoa shaka."

Tukacheka wote watatu. Daktari alicheka kwa adabu tu.

Tulipofika nyumbani, jambo la kwanza alilofanya ni kununua mzani. Akauweka dukani, nyuma ya pazia, wateja wanapojaribia nguo. Kila asubuhi kabla ya kufungua mlango alivua viatu, soksi, mkanda, saa, hata miwani, akapanda juu ya ule mzani akiwa ameshika pumzi. Halafu unasikia sauti kutoka nyuma ya pazia: "Nimepima!"

Kilo zikawa zinamkimbia. Mtaa nao haukawii: Tani akaitwa Sindano. Jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na baba yake. Watu walipomuuliza siri, alijibu neno moja tu, "Nidhamu," na mshono wa tumboni akausingizia ngiri. Mtu ambaye juzi tu alikuwa akikomba sufuria, leo anawahubiria wenzake. Akina dada waliokuja kushonewa magauni waliondoka na vipimo vya gauni na hotuba juu yake.

"Dada yangu, gauni halijaruka maji. Ni wewe umeumuka."

Mimi huwa nakaa upande wa pili wa meza, natia vifungo na kupokea wateja, kwa hiyo mahubiri yote hayo niliyameza. Nilivumilia kwa sababu nilikuwa najivunia jambo moja. Mume wangu anaogopa sindano ya hospitali. Mtu anashinda anachoma vitambaa, lakini akimwona muuguzi na pamba anatafuta mlango. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Sasa kila ujumbe wa kliniki ulipoingia kwenye simu, nilimuuliza:

"Mume wangu, umepima?"

"Nimepima."

"Na majibu?"

"Mazuri mno. Yanashuka tu."

Nami, mjinga niliyeolewa, nilidhani ni sukari inayoshuka, au mafuta ya kwenye damu. Nikasema kumbe mtu mzima anaweza kubadilika. Nikamshukuru Mungu, kwa hesabu ya kilo.

Vidonge navyo alianza vizuri. Kisha akasema vidonge ni vya wagonjwa, na yeye mgonjwa wake wa mwisho alikuwa Tani. Siku moja nilivikuta kwenye kopo la vifungo, vimechanganyika na vya rangi ya maziwa, nusura nikitie kimoja kwenye shati la mwalimu. Nilimgombeza, akala viwili mbele yangu, yakaisha.

Mwaka wa tatu mambo yakaanza kwenda mrama. Uzi ukawa unakosa tundu la sindano. Akamlaumu fundi wa umeme, tukabadilisha taa. Akalaumu miwani, tukabadilisha miwani. Vipimo vya wateja, ambavyo alikuwa akivihifadhi kichwani kama watu wanavyohifadhi majina ya watoto wao, vikawa vinamtoroka. Akawa anatembea akitafuta sakafu kwa mguu kabla ya kuikanyaga. Uso ukapauka.

"Huoni kama unayumba?" nikamuuliza.

"Wepesi, mke wangu. Mwili mwepesi lazima upepee."

Wakati huo tulikuwa na gauni la bibi harusi tulilolipunguza kiuno, jeupe, refu, lenye pindo la kushonwa kwa mkono. Bibi harusi mwenyewe alikuwa ameruka siku yake ya kulijaribu, na alipofika kesho yake akitaka kulichukua hivyo hivyo, mume wangu alimfokea mbele ya mama yake mzazi.

"Nguo iliyopunguzwa haitoki dukani kwangu bila kujaribiwa! Mwili unabadilika, bibie. Leo imekukaa, kesho imekuacha. Utarudi hapa ujaribu, na ukishaolewa ukitaka turekebishe utarudi tena ujaribu. Hivyo ndivyo kazi inavyofanywa."

Bibi harusi akainamisha kichwa, akaaga, akaondoka mdogo kama pini. Mume wangu akaketi kumalizia pindo, akiimba kwa pua. Mimi nikashika upande wa pili wa gauni ili lisiguse chini, na hapo nikaona vitone vyekundu. Vimejipanga kufuata pindo, kimoja baada ya kingine, mpaka kwenye mkono wake.

"Umejichoma!"

"Wapi?" Akaliweka gauni kando, akaanza kupapasa meza. "Hebu nisaidie kwanza, sindano imenidondoka."

Sindano haikuwa imedondoka. Ilikuwa imesimama kwenye kidole gumba chake, imezama, na damu inashuka taratibu kuelekea kiganjani. Yeye anaitafuta mezani.

Niliichomoa mimi. Hakukunja hata uso. Tukaangaliana. Mikono ile ndiyo inayotulisha, na ndiyo yeye mwenyewe. Ukimnyang'anya, sijui kitakachobaki mle ndani. Gauni nikalitumbukiza kwenye maji baridi yenye chumvi, duka nikafunga, mume nikamkokota.

Mapokezi ya kliniki kulikuwa na dada mmoja mwenye kucha ndefu, anayeandika kwa vidole viwili.

"Mzee, mara ya mwisho kupima ilikuwa lini?"

"Leo asubuhi."

Dada akainua macho. "Leo? Umepimia wapi?"

"Dukani kwangu."

"Una maabara dukani?"

"Nina mzani."

"Na majibu?"

"Sitini na tisa," akasema mume wangu, na hata pale, na kidole kimefungwa kitambaa, nilisikia majivuno.

"Sitini na tisa nini, mzee?"

"Kilo."

Vidole viwili vya dada vikasimama hewani. Mimi hasira zikanipanda, nikasahau kwamba tuko mbele za watu.

"Wewe mwanaume! Miaka yote hii nakuuliza umepima?"

"Na nimepima! Sijakudanganya hata siku moja. Daktari alisema damu? Alisema nipime."

"Alisema maisha yako yote! Mtu anaambiwa apande mzani maisha yake yote?"

"Sasa mke wangu," akashusha sauti, "mtu aliyekonda kama mimi akionekana kwenye benchi la maabara, si mtaa utamzika kabla majibu hayajatoka?"

Mpaka leo sijajua kama alielewa vibaya au alichagua kuelewa vibaya. Mwoga ana masikio yake. Nilimwambia kitu kimoja tu: nguo iliyopunguzwa haitoki dukani bila kujaribiwa. Akainamisha kichwa kama yule bibi harusi.

Maabara nikaingia naye, maana nisingemwamini na mlango. Mtoa damu akasema ataanza kidoleni, kwa kipimo cha haraka, kisha atachukua ya kwenye mshipa. Mume wangu akafumba macho, akakaza meno, mkono mmoja akanishika mimi, mwingine akaunyoosha mbele kama mtu anayetoa sadaka kwa shingo upande. Akasubiri. Jasho likamtoka. Akasubiri tena.

"Anza basi, kijana! Unanitesa!"

"Nimeshamaliza, mzee."

Akafumbua macho. Pamba ilikuwa tayari kidoleni, na tone lake la damu liko kwenye mashine. Akakiangalia kile kidole, akakibonyeza, akakiuma kwa meno. Miaka yote alikimbia maumivu ya sindano, na sasa nilimwona anayatafuta kama mtoto aliyepotezana na mama yake sokoni. Ile ya mshipani aliisikia, na wala hakulalamika.

Majibu yalipotoka daktari hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. Damu pungufu. Madini ya chuma yako chini. Vitamini B12 karibu haipo kabisa, na hiyo ndiyo inayotunza mishipa ya fahamu ya mikono na miguu.

"B kumi na mbili?" mume wangu akajaribu utani wa mwisho. "Daktari, mimi hata ile ya kwanza sikuiona ikiondoka."

"Haionekani ikiondoka, mzee. Ndiyo maana tunapima damu. Mzani hauna habari nayo."

"Hisia zitarudi?"

"Nyingi hurudi tukiwahi. Zote, siwezi kukuahidi. Tutaanza na sindano, na nyingine utaendelea kuchomwa hata ukipona."

Gauni la harusi nililimalizia mimi. Doa moja lilikataa kutoka, nikaliwekea ua la utepe, na mama wa bibi harusi akasifu sana lile ua. Mume wangu alikaa pembeni akinielekeza, na sijawahi kuona mwalimu mbaya kama yule. Usingizini alisugua vidole kama anayehesabu noti. Mzani aliupeleka uani mwenyewe, tukauwekea ndoo. Mahubiri yakakoma. Wateja wakaulizana Sindano ana nini siku hizi, naye siku moja akawajibu kweli yote: upasuaji, vidonge, damu. Nilidhani mtaa utamzika. Mtaa ulimuuliza namba ya daktari.

Ikafika siku ya kupima tena. Safari hii akaniambia nibaki nje. Nikakaa kwenye benchi, karibu na bwana mmoja mnene aliyekuwa anasubiri zamu yake huku akipangusa viganja kwenye suruali. Kisha ndani ya maabara ukapigwa ukelele, ukelele wa mtu mzima asiye na aibu, mpaka dada wa mapokezi akasimama.

Yule bwana naye akasimama, akageukia mlango wa kutokea.

Mlango wa maabara ukafunguliwa. Mume wangu akatoka kidole kikiwa juu, pamba inaning'inia, machozi yanamtiririka mpaka kwenye kola.

"Imeuma!" akasema. "Mke wangu, imeuma sana!"

Nikamkumbatia pale pale, mbele ya benchi zima, nikalia naye. Kisha akamwona yule bwana anayenyata, akamshika mkono.

"Kaa, ndugu yangu," akamwambia. "Ukiona haijauma, ndiyo ukimbie."

Yule bwana akakaa.