Gambuti Isiyo kwenye Orodha

Kwanza lazima simu ikatike. Mwanaidi, mwandishi wa habari mwenye koti jekundu, yuko kwake anakunywa chai, simu inaita, sauti ya ndugu au rafiki inasema, "Njoo haraka, usimwambie mtu," halafu kimya. Mwanaidi anaiacha chai ipoe, anashika njia. Hajawahi hata siku moja kumuaga jirani wala kubeba khanga ya pili. Akifika kwenye nyumba ya huyo aliyepotea hapigi hodi, anaingia tu na kuanza kufungua makabati ya watu.

"Huyu binti hakulelewa," Angelina alikuwa akisema kila mara, na kidole chake kikiendelea kumsaidia kuyafungua hayo makabati.

Hiyo ndiyo michezo ya kishikwambini aliyoitunga Penina, bintiye wa kwanza. Penina na mwenzake Kuluthumu walikuwa na chumba cha kazi Majengo, Dodoma mjini, ghorofani juu ya maduka ya nafaka. Penina aliandika hadithi, Kuluthumu akachora. Na huyo Kuluthumu hakuchora vya kubuni. Alitaka umpe picha iliyopigwa, kisha aichore mpaka ufa wa kikombe. Walikuwa wameshatoa michezo minne ya Mwanaidi, na yote minne ilikuwamo kwenye kishikwambi ambacho Penina alimletea mama yake Gulwe, katika nyumba iliyoupa mto mgongo.

Ilikuwa michezo ya kutafuta vitu vilivyofichwa. Unaonyeshwa chumba kilichovurugika, mwiko umeegemea picha ya harusi, mkasi umejilaza kwenye majani. Chini kuna orodha. Ukikiona kitu unakigusa, na jina lake linafutika. Vingine unabaki navyo mkobani, maana huko mbele vitafungua jambo. Angelina alikuwa amechambua mawe kwenye uwele tangu utotoni. Kwa macho hayo hakuna mkasi uliomshinda. Kitufe cha kuomba kidokezo hakukigusa kamwe. Alikiona ni cha wavivu.

Sheria za michezo alizijua zote. Hakuna kitu kinachookotwa bure. Kipande kikikaa mahali pake, kengele inalia na mlango unafunguka. Yule anayekupokea mwanzoni kwa maneno matamu, akakushika mkono na kukuonyesha njia, ndiye aliyeficha. Ukimwona tu ujue ni yeye. Na sheria iliyo kubwa kuliko hizo zote: aliyepotea hupatikana mwishoni. Amekonda, nguo zimemchakaa, ila ni mzima.

Sheria hii ya mwisho ndiyo iliyomshika Angelina, kwa sababu mwanawe Joel alikuwa amepotea.

Ulikuwa mwaka wa tatu sasa. Februari ile mto ulifurika, mbuzi wakabaki ng'ambo, Joel akavaa gambuti zake akaingia majini. Waliokuwa kando walimwona mpaka katikati. Angelina alipopelekewa habari alianguka palepale kwa presha, akalazwa wiki kadhaa. Aliporudi nyumbani akaambiwa kwamba watu walitafuta mpaka wakachoka na hawakuona kitu. Wengine wangesikia msiba katika maneno hayo. Yeye alisikia kwamba kama hawakuona maiti, basi hakuna maiti.

Chumba cha Joel kikabaki kama alivyokiacha. Shati lake lilining'inia msumarini na jasho lake, redio isiyo na antena ikakaa dirishani, penseli ya useremala ikakaa juu ya redio. Jirani akishauri vitu vigawiwe, Angelina alimjibu kwamba kila kitu kina kazi yake huko mbele. Jirani alitikisa kichwa akaenda zake, maana utamwambia nini mama wa watu?

Tatizo lilikuwa mto. Kila masika uliumega ukingo, ukazidi kuisogelea nyumba. Wakubwa wa kijiji walishapita wakachora alama nyekundu ukutani, na Bartolomayo, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa amemjengea nyumba ya vyumba viwili kule juu kwenye viwanja vipya. Angelina hakutaka hata kwenda kuiona. Joel akirudi angemkuta wapi?

"Shemeji," Bartolomayo alimwambia siku moja, kofia mkononi, "tukae matanga. Tumlilie mtoto, tuanue, uhame. Nakuomba."

Angelina alimwonyesha mlango. Tangu siku hiyo hakumsalimia. Mtu gani huyo mwenye haraka ya kumzika mtoto wa kaka yake?

Mwishoni mwa Novemba mawingu yakaanza kulala juu ya milima ya Kiboriani. Penina akaja kutoka Dodoma, akashuka kwenye bodaboda na begi dogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo? Huko Majengo mnaikalia nafaka tu, hamli?"

Penina hakucheka. Alisubiri mama yake ale ugali na mlenda, akamnawisha, ndipo akachukua kishikwambi na kumpakatisha. "Mchezo wa tano, mama. Bado hatujautoa kwa watu. Sehemu ya mwisho nimekuandikia wewe."

Angelina akakaa mlangoni penye mwanga. Simu ikakatika kama ilivyopasa, Mwanaidi akaacha chai. Mchana ukapita hivyo, Angelina akimsema Mwanaidi kwa kuingia stoo ya mchungaji bila hodi, na Penina akiwa nyuma yake, anafunga na kufungua vidole. Jua lilipoanza kushuka ikaja sehemu ya mwisho. Mlango ukafunguka kwenye kioo, na Angelina akaacha kusema.

Kilikuwa chumba cha Joel. Shati msumarini, redio dirishani, hata bati lililotoboka juu ya kitanda. Kuluthumu alikuwa amekichora kikamilifu, kisha akakirundikia makorokoro kama ilivyo desturi ya michezo hiyo.

"Ulimpa picha," Angelina alisema.

"Nilizipiga Pasaka, mama. Nikampa simu yangu achague mwenyewe." Penina alichuchumaa mbele yake. "Ukimaliza kutafuta humu, Mwanaidi anauvuta mlango na kuondoka. Haufunguki tena. Ndivyo nilivyoandika. Nilifikiri ukikimaliza hiki, labda na sisi... Nyumba ya baba mdogo imeshaezekwa. Mvua haitatungoja."

"Kumbe umeniletea mtego."

"Sio mtego, mama."

Angelina alikasirika. Alitaka kukirudisha kile kishikwambi, ampe mgongo, aingie ndani. Lakini macho yana ukaidi wake. Yalikuwa yameshaiona penseli. Akaigusa, jina likafutika. Akaigusa redio, akagusa jezi, akagusa manati ya utotoni. Kila jina lilipofutika alitaka kuacha, na bado kidole kilikwenda. Mwisho ikabaki kofia peke yake, na kofia alikuwa ameiona zamani, nyuma ya pazia. Alikuwa akiichelewesha tu.

Katika kuichelewesha macho yakazurura. Yakaingia chini ya kitanda, nyuma ya ndoo, yakakuta ncha ya gambuti ya kijani.

Alikisogeza kioo karibu na uso. Gambuti ilikuwa na kiraka cha tairi la baiskeli kwenye vidole. Kiraka kilishonwa kwa uzi mwekundu wa gunia, na pembeni, pale uzi mwekundu ulipoisha, mshonaji alimalizia kwa mweusi, mishono mitatu imekwenda upande.

Mishono ile ilikuwa yake. Waliketi hapahapa mlangoni, Joel akitoboa mpira kwa msumari wa moto, yeye akipitisha sindano na kumlaumu kwa kumkalia kwenye mwanga. Siku mbili baadaye tu mto ukafurika. Penina alikuwa amerudi Dodoma tangu mwaka mpya. Na gambuti zote mbili ziliondoka na mwenyewe.

"Penina. Hii nini?"

Penina aliinama kutazama. "Hiyo haimo kwenye orodha, mama. Hivyo ni vya kujazia tu, Kuluthumu huwa anachukua kwenye picha zozote..." Akakiona kiraka, akarudi nyuma.

"Najua haimo. Nimeishona mimi, wewe ukiwa umeshaondoka. Umeiona wapi?"

Penina akageuza uso. Hapo Angelina aliikumbuka ile sheria nyingine, aliyokuwa akimcheka nayo Mwanaidi kwa kuwa mzito wa kuelewa. Ni nani aliyempokea alipotoka hospitali? Ni nani aliyemletea kishikwambi, akamshika kidole na kumfundisha pa kugusa?

"Sema," alisema. "Nimeshachoka kutafuta."

Penina akakaa chini kwenye vumbi, akasema. Siku ya tano baada ya mafuriko, fundi wa reli mmoja aitwaye Yahaya alimkuta Joel kwenye matete chini ya daraja, mbali huko mto unakoelekea. Walikwenda yeye Penina na baba mdogo. Polisi waliandika. Hali aliyokuwa nayo haikuruhusu abebwe, wakamzika palepale, juu ya tuta la reli.

"Wewe ulikuwa wodini, mama. Madaktari walituambia habari kama hiyo itakuua. Tukasema upone kwanza. Ulivyopona ukaniuliza, nikasikia mdomo wangu unasema hatukuona kitu. Nikajiambia kesho. Halafu ukaanza kucheza ile michezo, ukawa unakula, unacheka. Baba mdogo alitaka kukwambia, nikamlilia asikwambie. Kesho ikawa haiji."

"Ukaona uendelee kunitungia."

"Nisamehe, mama."

Angelina hakusema amesamehe, maana hakuwa amesamehe. Alijisikia kama mtu aliyeibiwa ndani ya nyumba yake na mtoto aliyemzaa mwenyewe. Angekuwa na nguvu angempiga. Lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine kizito zaidi, nacho kilikuwa kinatua polepole. Mchezo haukumdanganya. Aliyepotea alipatikana. Alipatikana kitambo, wakati yeye anafukuza watu mlangoni.

"Nani alimwosha?"

"Baba mdogo. Peke yake. Mimi na Yahaya hatukuweza."

Angelina alifumba macho. Aliiona ile kofia mkononi mwa Bartolomayo, na yeye anamwonyesha mlango.

"Na hii gambuti?"

"Moja ilikuwa mguuni, ilikataa kutoka, akazikwa nayo. Hii Yahaya aliiokota mbele kidogo. Niliipiga picha kwa ajili ya polisi. Sikuifuta." Penina alijifuta pua kwa mkono. "Ninayo Majengo, chini ya meza ninayoandikia. Sikuweza kuitupa."

"Kwa hiyo mwanangu amelala na kiatu kimoja," Angelina alisema, "na cha pili unakipiga teke ukinyoosha miguu. Kakilete."

Penina aliondoka kesho yake, akarudi siku iliyofuata na boksi. Asubuhi hiyo Angelina alikuwa ameamka mapema, akalitoa lile shati msumarini, akalifua na kulianika. Bartolomayo, aliyeitwa na Penina, alipofika na jembe begani alisimama mbali na mlango, kama mtu asiyejua kama ataruhusiwa.

"Shemeji," Angelina alimwita. Sauti haikutoka vizuri, ikabidi aanze upya. "Shemeji, ahsante kwa kumwosha."

Bartolomayo aliinamisha kichwa. Machozi yalimdondoka waziwazi, mtu mzima yule, wala hakuyafuta.

Walikwenda kwa bodaboda wakifuata reli. Kaburi lilikuwa rundo la kokoto za relini, limeota nyasi kavu, na msalaba wa vipande viwili vya mbao usio na jina. Upepo ulikuwa unavuma kutoka upande wa mvua. Angelina alilizunguka mara moja, akauliza miguu iko upande gani. Bartolomayo akamwonyesha, akachimba hapo shimo la kutosha.

Penina alifungua boksi. Gambuti ilikuwa imekauka na kupasuka shingoni, ila kiraka kilishika. Angelina alipitisha kidole gumba juu ya mishono, ile myekundu kisha ile mitatu myeusi, akapiga magoti, akaishusha shimoni. Aliiweka vizuri, kisigino chini, vidole vikielekea mbinguni kama vya mtu aliyelala chali. Ikakaa mahali pake.

Kisha akangoja. Hakukusudia kungoja, ni mazoea tu. Alibaki ameinama, sikio limetegwa, akisubiri kengele ilie na kitu fulani kifunguke mahali fulani. Upepo ulipita kwenye nyasi. Bartolomayo alishika mpini wa jembe asijue kama afukie. Hakuna kilicholia, na hakuna kilichofunguka.

Ndipo Angelina akakaa chini juu ya kokoto, akamwita Joel kwa jina la babu yake, kwa Kigogo, kama alivyokuwa akimwita akiwa mdogo amechelewa na mbuzi, akaanza kumlilia. Penina alisogea akakaa kando yake, na mama yake hakumfukuza.