Masikio ya Zohali

Haki ya Mungu, haya ni kweli tupu, sikutia chumvi hata punje. Likipatikana neno moja la uongo, kahawa ya kibaraza kizima ni juu yangu. Na msitazamane hivyo. Nchi yenyewe iko mbali, nyuma ya milima saba, haituhusu.

Huko Mfalme Kiboko alilala ndani ya chemchemi pekee ya nchi, akaiziba kwa tumbo lake. Raia walipata maji Alhamisi, siku aliyogeukia ubavu wa pili. Aliyelalamika alilalamika moyoni, maana hata mbinguni kulikuwa na masikio.

Masikio hayo yaligunduliwa hivi. Bi Fuko, kipofu wa kuzaliwa, alikuwa fundi wa kusugua vioo kwa mchanga na majivu, akiupima mviringo wake kwa ncha ya pua. Ndiye aliyetengeneza darubini ya kwanza. Waziri Korongo, mwenye shingo ya kazi hiyo, akachungulia nyota Zohali, akaiona imevimba huku na huku.

"Ina masikio," akatangaza.

Baraza la Mfalme likapiga makofi. Ikiwa nyota inasikiliza, serikali ikae kiziwi? Ikaundwa Idara ya Masikio, na wa kwanza kukamatwa akawa mume wa Bi Fuko, aliyesikika shimoni kwao akimnong'oneza mkewe kwamba Mfalme ni mzito.

Bi Fuko alirudi kwenye mchanga wake. Miaka mitatu akasugua, hadi kucha zikalika. Hesabu yake ilikuwa fupi: masikio yakipotea kule juu, idara itakufa huku chini, na mume wangu atarudi.

Akaiburuta darubini ya pili hadi mbele ya Baraza. Korongo akachungulia, akakohoa.

"Mtukufu, kumbe si masikio. Ni pete. Imeizunguka nyota bila kuigusa."

"Basi, baba," Bi Fuko akasema, "nipeni mume wangu. Alifungwa kwa ajili ya masikio, na masikio hayapo."

Kiboko akatoa povu puani. "Korongo, pete kubwa kiasi hicho huvaliwa kidole gani?"

"Hakuna kidole hicho, Mtukufu. Hiyo ni pingu."

"Umesikia, mama? Nyota imefungwa, na bado inang'aa. Huyo wako ananung'unikia nini?"

Mume akaongezewa pingu ya pili.

Ningekuwa mimi, ningeacha. Yeye akasugua miaka mingine saba, mpaka darubini ya tatu ikawa ndefu kumshinda twiga aliyeibeba. Safari hii Korongo alichungulia, akachungulia tena. Pete haikuwa kitu kimoja. Yalikuwa mawe na vipande vya barafu, maelfu kwa maelfu, kila kimoja kivyake.

"Havikushikana popote," akasema kwa sauti ndogo. "Pingu gani hii?"

Bi Fuko akadhani ameshinda; akaanza kujipangusa vumbi, kama mke anayekwenda kumpokea msafiri.

"Maelfu," Kiboko akasema polepole. "Na vyote vinazunguka?"

"Vyote, Mtukufu."

"Hakuna kinachotoka mstarini?"

"Sijakiona."

"Wala hakuna aliyevifunga." Mfalme akafumba macho kwa raha. "Kumbe tulikuwa tunaharibu chuma bure. Mfungueni huyo mzee."

Wakamfungua. Mzee Fuko akatoka gerezani, akashika ukingo wa chemchemi, akaanza kuizunguka. Mkewe akamwita kwa lile jina la nyumbani. Nyayo zikapita mbele yake, zikaenda, zikarudi, zikapita tena. Mara ya tano akanyoosha mkono, akaushika mkono wa mumewe, wakazunguka wote wawili.

Hapo kibarazani kwetu Mwalimu Salmini akaweka kikombe chini.

"Wewe bwana. Maji yao ulisema hutoka lini?"

"Alhamisi."

"Na leo ni siku gani?"

Tukageuka kutazama ndoo zetu, zilizopangwa ukutani tangu alfajiri.

"Ulisema iko mbali," akasema. "Uongo huo. Lipa."

Nikalipa vikombe vyote, na kile cha mgeni aliyekaa pembeni, asiyejulikana na yeyote, ambaye tangu nianze kusimulia alikuwa hajapiga hata funda moja.